Pampu Inanguruma, Maji Yamelegea: Jinsi ya Kutafuta Presha Inakopotelea

Kiangazi cha Juni hadi Agosti kikishika, simu anazopigiwa fundi wa pampu huku Kasese, Uganda, huwa na maneno yaleyale: pampu inazunguka, maji yanatoka, lakini springla hazizunguki na matuta ya mwisho ya nyanya yanakauka. Mwenye simu mara nyingi ameshaamua ugonjwa na dawa yake: pampu imechoka, anataka kubwa zaidi. Dukani hakuna atakayembishia. Muuzaji atamwambia, "Mzee, chukua hii ya inchi tatu, utasahau shida," naye atairudisha nyumbani kwa bodaboda, aifunge kwenye bomba lilelile lililoziba, na springla ziendelee kulala.

Kabla hujatoa shilingi, jibu swali moja: pampu haitoi presha, au inaitoa halafu inaliwa njiani? Ukishalijibu hilo, nusu ya mfumo wako huna haja ya kuigusa. Mwongozo huu ni wa pampu ndogo za nyumbani: za petroli za inchi mbili, za umeme za nusu hadi hospawa moja na nusu, na za sola.

Utahitaji geji ya presha inayosoma hadi bar 6, tii (kiungo chenye midomo mitatu) ya kuifungia, vali ya kufunga na kufungua, jerikeni ya lita 20, simu yenye saa ya kuhesabu sekunde, spana mbili, tepu nyeupe ya nyuzi na kipande cha sabuni. Geji ndiyo watu wanayoikwepa, wakisema wao wanaijua presha kwa kuziba mpira na kidole gumba. Kidole hakikuambii tofauti ya bar 1.5 na 2.5, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama springla itazunguka au haitazunguka.

Hatua ya 1: Jua unadai presha kiasi gani

Bar moja ni nguvu ya kupandisha maji mita 10 hivi. Shika hesabu hiyo, kwa sababu kibandiko cha pampu kinasema mita na geji inasema bar.

Mipira bapa ya matone inaridhika na nusu bar hadi bar moja. Springla za kawaida za kuzunguka kwa kugonga zinataka bar 2 hadi 3 zikiwa kwenye mti wake, yaani baada ya hasara zote za njiani. Sasa chukua bustani iliyo kwenye mteremko wa vilima vya Rwenzori: maji yako mita 4 chini ya pampu, springla ya juu iko mita 12 juu ya pampu, springla yenyewe inataka bar 2.5, yaani mita 25, na bomba linakula mita 5. Jumla ni mita 46. Pampu nyingi za petroli za inchi mbili zinazouzwa kwa bei ya chini zimeandikwa mita 30 hivi, na hizo 30 ni pale ambapo hakuna hata tone linalotoka. Pampu ya namna hiyo haina ubovu wowote. Imepewa kazi isiyo yake. Inajaza tangi vizuri, inafurika mifereji vizuri, ila springla za juu ya kilima haiziwezi, hata uisafishe mpaka ing'ae.

Urefu wa kilima usiukadirie kwa macho, macho hudanganya. Programu za simu nazo hukosea kwa mita kadhaa. Mpira wa levo wa waashi, ule wa plastiki angavu uliojaa maji, unapima kilima kizima hatua kwa hatua bila gharama.

Kama maji yanatoka kwenye tangi bila pampu, kinachohesabika ni urefu wa uso wa maji juu ya shamba peke yake. Tangi la lita 10,000 kwenye stendi ya mita 2 linatoa presha ileile ya tangi la lita 500 kwenye stendi hiyohiyo, maji yakiwa yamekaribia kwisha: bar 0.2. Ukubwa wa tangi unaongeza muda wa kumwagilia, hauongezi nguvu. Nimeona watu wakinunua tangi la pili ili "maji yasukume".

Hatua ya 2: Vipimo viwili kwenye mdomo wa pampu

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo usiharakishe. Funga tii na geji mara tu baada ya mdomo wa kutolea maji, halafu vali baada ya geji. Mpangilio uwe huo: pampu, geji, vali, kisha bomba la shamba. Onyo moja kabla ya kuanza: kipimo cha kwanza usikifanye kwenye pampu za skrubu au za pistoni, zikiwemo baadhi ya pampu za sola za visimani. Hizo zikifungiwa mdomo hupasua bomba au hujiharibu zenyewe. Kipimo hiki ni cha pampu za impela, yaani zenye gurudumu la mapanga linalozunguka ndani ya kasha.

Kipimo cha kwanza, vali imefungwa. Washa pampu, acha ijae maji na itulie, kisha funga vali polepole mpaka mwisho. Soma geji, fungua tena. Sekunde 10 zinatosha. Ukiiacha hivyo maji ndani ya kasha yatachemka na sili itaungua. Sasa linganisha na kibandiko. Kama pampu imeandikwa mita 30 na maji yako mita 5 chini yake, unatoa 5, zinabaki 25, kwa hiyo geji inapaswa kukaribia bar 2.5. Ikisoma 2.2 au 2.3 kwa pampu iliyotumika miaka kadhaa, hiyo ni nzima. Ikisoma 1.5, pampu au upande wa kunyonya una neno.

Kipimo cha pili, vali imefunguliwa. Ondoa bomba la shamba, acha maji yamwagike karibu na pampu. Pampu ya umeme ya nusu hospawa ipime kwa jerikeni: lita 20 kwa sekunde 30 ni lita 40 kwa dakika, yaani lita 2,400 kwa saa. Ya petroli ya inchi mbili itajaza jerikeni kabla hujaangalia saa, kwa hiyo tumia pipa la lita 200. Usiiache ikimwaga ovyo muda mrefu, maana mota za pampu nyingi za impela hubeba mzigo mkubwa zaidi pale maji yanapotoka bila kizuizi.

Majibu husomwa pamoja. Presha nzuri vali ikiwa imefungwa na maji mengi ikifunguliwa: pampu iachie hapo hapo, nenda hatua ya 5. Presha nzuri imefungwa, lakini maji machache ikifunguliwa: kuna kitu kinakaba upande wa kunyonya. Chujio lililoziba nusu halionekani kwenye kipimo cha kwanza kwa kuwa maji hayatembei, linaonekana pale maji yanapotakiwa kwa wingi. Watu wengi hupima mara moja tu, wanaona presha iko juu, wanaenda kuchimbua bomba la shamba lisilo na kosa. Vyote viwili hafifu: ni hewa, au mwendo mdogo wa mota, au impela iliyolika. Na kama mshale wa geji unatetemeka bila kutulia, anza na hewa.

Hatua ya 3: Upande wa kunyonya

Ukinipa pampu kumi zenye presha ndogo bila kunionyesha hata moja, nitaanzia hapa kwa zote. Upande wa kunyonya hauvuji kwa nje, hautoi dalili kwa macho, na kasoro ndogo sana inaangusha kila kitu.

Vuta mpira wote kutoka majini na ulitazame chujio na futivalvu, ile vali ya mwisho wa mpira inayozuia maji kurudi. Huku kwetu, mto Nyamwamba ukishuka na tope baada ya mvua za milimani, chujio hujaa mchanga na vijiti kwa siku moja. Kandokando ya ziwa Victoria kuna mizizi ya gugu maji. Mahali pote kuna kavera, yaani mifuko ya plastiki. Kipande cha kavera ni kigumu kukigundua kwa sababu pampu ikizimwa kinaelea pembeni, ukilitoa chujio unaliona safi, ukiwasha tena kinavutwa na kubandika. Weka chujio ndani ya kikapu cha matete au ndoo iliyotobolewa matundu mengi, kisha lining'inize kwenye boya au jerikeni tupu iliyofungwa, likae kama sentimita 30 juu ya tope na angalau nusu mita chini ya uso wa maji. Ukiona maji yanazunguka na kufanya shimo juu ya chujio, pampu inakunywa hewa.

Ulimi wa futivalvu uinue kwa kidole. Unatakiwa ufunguke wote na urudi wenyewe. Kijiwe kidogo kwenye kiti chake kinatosha kuufanya usifunge, na hapo kila asubuhi unaanza kujaza maji upya. Mara nyingine ulimi unakwama nusu, maji yanapita lakini kwa shida.

Kisha mpira wenyewe. Mpira wa kunyonya lazima uwe wa waya au wa plastiki ngumu iliyozungushiwa mbavu, na upana wake usipungue mdomo wa pampu. Mpira wa zamani huachana tabaka: nje uko sawa, ndani ngozi imebanduka, na pampu ikivuta ngozi hiyo inaziba njia. Ubonyeze kwa mkono urefu wote pampu ikiwa imezimwa. Mahali panapobonyea laini kuliko pengine, pakate. Angalia pia usipande juu kuliko mdomo wa pampu halafu ushuke, maana hewa itakaa kwenye nundu hiyo na haitatoka.

Hewa inayoingia kwenye viungo ndiyo inayosumbua kuliko yote. Chota maji yanayotoka kwenye chupa safi ya plastiki uyatazame kwenye mwanga. Yakiwa meupe kama maziwa kisha yakaanza kusafika kutoka chini kwenda juu, huo si uchafu, ni viputo vya hewa vinavyopanda. Sasa piga povu zito la sabuni, ulipake kila kiungo upande wa kunyonya huku pampu ikifanya kazi: kwenye klempu, kwenye nyuzi, kwenye kizibo cha kujazia maji, na pale mhimili wa mota unapoingia kwenye kasha. Mahali penye tundu, povu linavutwa ndani na sauti ya pampu inabadilika kidogo, inakuwa nzito. Zungusha tepu upya, kaza klempu mbili badala ya moja, badilisha oringi (pete ya mpira) ya kizibo. Oringi hiyo ndogo inapotea sana kwa sababu kizibo hufunguliwa kila siku, na watu huweka kipande cha kavera badala yake.

Limebaki jambo la kimo cha mahali, ambalo kwetu Uganda lina uzito kuliko vitabu vya pampu vinavyodhani. Pampu haivuti maji. Inaondoa hewa ndani ya mpira, na uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji juu. Usawa wa bahari hewa hiyo inaweza kuinua maji mita 10.3 kwa hesabu tupu. Kampala, iliyo karibu mita 1,200 juu ya bahari, zinabaki kama 9. Kabale, karibu na mita 2,000, ni 8 hivi. Toa tena mita mbili hadi tatu kwa msuguano na hasara za pampu yenyewe. Kwa hiyo kibandiko kinachosema "kunyonya mita 8" kilipimwa usawa wa bahari. Kampala panga mita 6, Kabale 5, nawe usihesabu zaidi ya hapo.

Ndiyo maana mfumo uliokuwa mzuri Aprili unalegea Julai bila mtu kuugusa. Maji ya kisima au mto yameshuka mita mbili, na mita hizo mbili ndizo zilizokuwa akiba yako yote. Dawa ni kuisogeza pampu chini karibu na maji, kwenye kitako imara kisichofikiwa na mafuriko. Upande wa kusukuma hauna kikomo hicho, kwa hiyo hata bomba likirefuka juu unapata faida.

Lakini pampu ya petroli usiishushe ndani ya kisima au shimo, hata kwa dakika chache, hata kama shimo ni pana. Moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua, na anayeingia kumwokoa mwenzake hufa pia. Kama maji yako kwenye shimo, tumia pampu ya umeme ya kuzama majini au ya sola.

Hatua ya 4: Pampu yenyewe

Kwanza mwendo, kwa sababu ni rahisi kurekebisha kuliko impela. Presha ya pampu ya impela hufuata mraba wa mwendo: mzunguko ukishuka kwa asilimia 10, presha inashuka kwa karibu asilimia 19.

Injini ya petroli: choki imebaki nusu, chujio la hewa limejaa vumbi, petroli imekaa kwenye tangi tangu msimu uliopita, mkono wa mafuta umelegea na kurudi wenyewe kwa mtetemo. Safisha, jaza petroli mpya injini ikiwa imepoa, toa plagi uiangalie. Plagi nyeusi yenye masizi makavu inasema mafuta ni mengi kuliko hewa. Kwenye nyanda za juu hilo ni la kawaida, kwani injini inapoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kila unapopanda mita 300. Kabale hiyo ni karibu moja ya tano ya nguvu, na fundi anayejua kabureta anaweza kuweka jeti (kitundu cha kupitishia petroli) ndogo zaidi ili angalau iungue vizuri.

Pampu ya umeme: pima volti pampu ikiwa inafanya kazi, si ikiwa imezimwa. Umeme wetu ni volti 240, lakini jioni wakati mtaa mzima unapika na kupiga pasi, ncha za laini zinaweza kuwa chini sana. Volti zikipungua asilimia 10, nguvu ya mota ya kuzungusha inapungua karibu asilimia 19, na mota inapata moto. Mwagilia alfajiri, mimea nayo inafurahia. Kama volti kwenye mita ziko sawa ila kwenye pampu zimeshuka, kosa ni la waya. Pampu ya hospawa moja na nusu inayokula ampea 7 hivi, mita 100 kutoka nyumbani kwa waya wa milimita za mraba 1.5, inapoteza volti 17 njiani. Kwa waya wa 4 inapoteza 6 au 7 tu. Mota inayonguruma bila kushika mwendo, au inayohitaji kusukumwa feni kwa kijiti ndipo ianze, ina kapasita iliyochoka. Ni kifaa cha bei ndogo. Nunua chenye namba ileile ya mikrofaradi, zima umeme kwenye swichi kuu, na usiguse ncha zake mpaka zimetolewa chaji.

Ya sola ipime saa sita mchana jua likiwa wazi. Asubuhi na jioni maji machache si ugonjwa. Futa vumbi, kisha tazama kivuli: jani moja la mgomba likifunika kona ya paneli moja linaweza kuangusha safu nzima iliyounganishwa mfululizo. Mgomba hukua, na aliyefunga paneli mwaka jana hakuuona.

Pampu ya fezi tatu, au mota ya sola yenye nyaya tatu, ikiunganishwa vibaya huzunguka kinyume. Maji bado yanatoka mdomo uleule, ila kwa unyonge. Kama kulegea kulianza siku fundi alipogusa nyaya, badilisha nafasi za nyaya mbili kati ya tatu.

Mwendo ukiwa sawa na bado vipimo ni hafifu, fungua kasha. Tafuta kwanza kilichoziba jicho la impela: nyuzi za mgomba, punje ya kahawa, ganda la konokono. Halafu tazama kingo. Maji ya mchanga hula kingo za impela na uso wa kasha unaotazamana nao mpaka nafasi kati yao inaongezeka, na maji yanazunguka mlemle ndani badala ya kutoka. Pampu zile ndogo za umeme za impela bapa yenye meno mengi madogo pembeni zinaumia haraka kuliko zote, kwa kuwa nafasi yake ya ndani ni finyu mno. Hizo ni za maji safi ya tangi. Ukizitia mtoni, msimu mmoja unatosha kuzimaliza. Impela na sili hubadilishwa, gasketi hukatwa upya, lakini kasha lililolika sana halina dawa.

Hatua ya 5: Presha inaliwa njiani

Rudisha bomba la shamba na uache kila kitu kikifanya kazi kama kawaida. Geji iko juu ilhali springla zimelala: kuna kizuizi au bomba jembamba mbele. Geji iko chini ilhali pampu ilishinda vipimo: maji yanatoka kwa wingi kuliko pampu inavyoweza kuleta, yaani kuna tundu au springla zimezidi.

Anza na chujio la shamba. Kwenye mfumo wa matone weka geji kabla na baada yake. Likiwa safi tofauti ni bar 0.1 au 0.2. Ikifika 0.5, lioshe. Maji ya kisima kirefu yenye chuma huacha ute wa rangi ya kutu unaoziba matundu ya matone kimyakimya, na kuosha chujio hakutoshi. Yapitishe kwanza tangini yakianguka kutoka juu ili yapigwe na hewa, yalale usiku, kisha chukua ya juu na uache masalia chini. Kila wiki fungua ncha za mistari uache maji yakimbie mpaka yawe safi.

Upana wa bomba ndio hasara isiyoonekana. Lita 2,000 kwa saa kwenye bomba jeusi la plastiki la milimita 25, urefu wa mita 100, zinapoteza karibu mita 18 za presha, yaani bar 1.8. Kwenye bomba la milimita 32 hasara ni kama mita 5. Bomba la 32 linagharimu zaidi dukani, lakini ni nafuu kuliko pampu kubwa pamoja na petroli yake ya kila wiki. Ukiongeza maji mara mbili kwenye bomba lilelile, hasara inakaribia mara nne. Ndiyo sababu pampu ya inchi tatu kwenye bomba la 25 haibadilishi kitu ila kelele.

Kutafuta tundu, funga springla zote kisha washa pampu kwa muda mfupi. Geji inapaswa kupanda hadi namba ileile ya kipimo cha kwanza. Isipofika, maji yana njia ya kutokea. Funga bomba katikati na urudie, kisha katikati ya nusu yenye kosa, mpaka ubaki na kipande kifupi. Tazama palipolimwa kwa jembe karibuni, pale bodaboda zinapokatiza, na majani mabichi wakati kwingine kumekauka. Bomba linalopanda kilima kisha kushuka hushika hewa kileleni. Weka tii na vali ndogo hapo, ifungue kila unapoanza, sikiliza hewa ikitoka mpaka maji yafuate.

Hatua ya 6: Springla zimezidi

Springla yenye tundu la milimita 4 kwenye bar 2.5 inatoa karibu lita 16 kwa dakika. Pampu yako ikileta lita 40 kwa dakika kwenye presha hiyo, springla mbili zitazunguka vizuri, nne zitatema mate. Gawa shamba kwa vali na umwagilie kwa zamu. Matone nayo yanahesabiwa: mstari wa mita 50 wenye tundu kila sentimita 30, kila tundu lita 2 kwa saa, unakunywa lita 330 kwa saa. Mistari kumi ni lita 3,300.

Tundu la springla hupanuka kwa mchanga. Ingiza kitako cha keekee ya milimita 4, upande usio na meno. Kikicheza, tundu limelika, na likipanuka asilimia 10 tu maji yanayotoka yanaongezeka kwa asilimia 21. Matundu ya plastiki ni rahisi, badilisha yote kwa pamoja ili mazao yapate maji sawasawa.

Kwa nyumba zenye pampu ya kujiwasha yenyewe

Pampu inayowaka na kuzima kila sekunde chache ina mtungi wa presha uliopoteza hewa. Zima umeme, toa maji yote, pima hewa kwa geji ya magurudumu: iwe bar 0.2 chini ya presha ambayo swichi imepangwa kuwasha pampu. Maji yakitoka kwenye sindano ya hewa, mpira wa ndani umepasuka. Na usifunge pampu moja kwa moja kwenye bomba la maji la mtaa, jaza tangi kwanza, pampu inywe tangini.

Ukilazimika kununua

Nenda na namba tatu zilizoandikwa: jumla ya mita za kupandisha uliyoipata hatua ya 1, lita kwa saa zinazohitajika na zamu yako kubwa zaidi, na kina cha maji kiangazi kikiwa kikali. Usiulize hospawa, wala inchi. Muulize muuzaji, "Kwa mita 46 hii inatoa lita ngapi?" Namba mbili kubwa zilizo kwenye kibandiko, ya mita na ya lita, hazipatikani kwa wakati mmoja: mita za juu ni pale lita zikiwa sifuri, na lita za juu ni pale mita zikiwa karibu na sifuri. Kama hajui, mwombe katoni au karatasi iliyokuja na pampu, mara nyingi mchoro wa mstari uliopinda umo humo. Tafuta mita zako pembeni, fuata mpaka kwenye mstari, shuka chini usome lita. Mstari ukiwa umeishia kabla ya mita zako, irudishe kwenye rafu.